Mnada umekwisha, zamu ya kuanza ni yako: utoe karata ipi?

Msomaji wa Jinja ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha:

"Mwalimu, shikamoo. Sisi ni wanne, tulizoea kucheza karata za matatu jioni, sasa tumehamia karata za bridge na tunakutana kila Jumamosi. Juzi mpinzani wa kulia kwangu alifungua mnada kwa 1 bila turufu, ambayo kwao ni pointi 15 hadi 17. Mwenzake akaruka moja kwa moja hadi 3 bila turufu, wote tukapasi. Mimi ndiye wa kuanza. Nilikuwa na ♠ 10 9 4, ♥ 8 2, ♦ M 7 6 3, ♣ J 8 5 4. Nilifundishwa kuanza na karata ya nne kutoka juu katika rangi ndefu, nikatoa uru 3. Mchezeshaji akala mizunguko 11. Mwenzangu, ambaye ni shemeji yangu, alikuwa na shupaza tano nzuri na rea ya kopa, akaniuliza mbele ya watu kwa nini sikuanza na shupaza. Ningejuaje? Mgao uliofuata nikamlipizia. Nilishika ♠ F M 10 9 5, ♥ 8 4, ♦ F 6 3, ♣ 7 4 2. Wa kulia alifungua 1 pau, nikapasi maana nilikuwa na pointi 8 tu, wa kushoto akasema 1 bila turufu, wa kulia akamalizia kwa 3. Safari hii wa kuanza alikuwa shemeji, akaanza na kopa, shupaza zangu zikabaki kuwa pambo. Nani mwenye makosa? Na je, kuna kanuni ya kuchagua dau na karata ya kwanza isiyomtupa mtu?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na linalouma: mgao wa kwanza shemeji yako alikuwa na haki, na mgao wa pili lawama ni yako vilevile. Tatizo si kwamba huna kanuni. Unazo, tena umezishika kuliko zinavyostahili. Ulichoacha ni kusikiliza mnada. Karata ya kuanzia huchaguliwa kwanza na madau yaliyokwisha kutamkwa, halafu ndipo mkono wako unaulizwa maoni. Na dau nalo, hasa pale unapoona wazi kwamba mnada hamtaushinda, huchaguliwa kwa kumfikiria mwenzako atakayetakiwa kuanza.

Kwa wasomaji wageni: R ni rea, F mfalme, M malkia, J jeki, na "BT" ni bila turufu. Mzunguko ni karata nne, moja ya kila mchezaji; mchezeshaji ni yule anayeucheza mkataba ulioshinda mnada, na 3BT ni ahadi ya kula mizunguko tisa kati ya kumi na mitatu. Barua ilikuja na mikono yote minne, nitaifunua punde. Kwanza tukae na mkono wako peke yake, kama ulivyokuwa mezani.

Pakiti nzima ina pointi 40: rea 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1, kwa kila rangi. Hesabu hii aliieneza Milton Work, kisha Charles Goren akaifikisha kila nyumba yenye karata huko Marekani. Wengi huitumia kujihesabia wenyewe tu, wakiisha kufungua mnada wanaisahau. Ifanye iwatazame wengine. Aliyefungua 1BT ana 15 hadi 17, tuseme 16. Aliyeruka hadi 3BT ana 10 au zaidi kidogo, tuseme 11. Hizo ni 27. Wewe una 3. Zilizobaki ni 10, na hakuna mtu mwingine wa kuwa nazo ila shemeji yako. Hesabu hiyo ni ya sekunde tano, na ilikuwa imekwisha kabla hujaigusa karata.

Sasa jiulize: kama mkataba huu utaanguka, ni nani atauangusha? Si wewe. Tazama uru zako. Ili M 7 6 3 ikupe mizunguko, shemeji awe na mfalme au rea, tena awe na uru kadhaa. Haya, tuseme anazo. Rangi ikishaiva, utaingiaje kula hizo karata ndogo zilizosimama? Huna rea, huna mfalme, huna mlango wowote. Mkono wenye pointi 3 ukianza na rangi yake mwenyewe unapanda shamba ambalo hautafika kulivuna. Mwenzako ndiye mwenye milango. Kazi yako ni kuigundua rangi yake na kumwanzishia, kwa sababu kuanza mapema mzunguko mmoja ndiyo faida pekee ambayo upande wa ulinzi unapewa bure.

Ni rangi ipi basi? Hapo mnada unazungumza tena, na safari hii kwa jambo ambalo halikutamkwa. Kaskazini, yaani mwenzake wa aliyefungua, aliruka 3BT bila kutamka 2 pau. Kwa karibu kila anayecheza 1BT ya 15 hadi 17, 2 pau ni swali: una kopa nne au shupaza nne? Linaitwa Stayman, kwa jina la Samuel Stayman, Mmarekani. Mtu mwenye kopa nne au shupaza nne kwa kawaida angeuliza. Hakuuliza. Kwa hiyo mezani, yaani katika mkono wake utakaolazwa wazi ukishatoa karata ya kwanza, zitalala kopa tatu au pungufu, shupaza tatu au pungufu, na uru na pau kwa wingi. Rangi mbili kubwa, kopa na shupaza, ziko kwenu kuliko kwao. Wewe una kopa mbili na shupaza tatu. Za shemeji ni nyingi katika mojawapo, pengine zote.

Kati ya kopa na shupaza nachagua shupaza kwa sababu mbili. Una tatu badala ya mbili, hivyo hata akiwa na nne tu kuna cha kumsaidia, na utakuwa bado na ya kumrudishia. Pili, 10 9 zina nguvu: hazikuvunji chochote ukizitoa. Unatoa 10, ya juu katika mfululizo, si 4. Ukitoa ndogo dhidi ya bila turufu mwenzako atadhani una rangi ndefu na mzungu mkubwa juu yake, ataanza kukuwekea rea zake kwa matumaini ya bure.

Sasa tufunue. Kaskazini: ♠ J 5, ♥ M J 5, ♦ F 10 8 4, ♣ R 10 9 3. Kusini: ♠ R 7 3, ♥ F 10 7 4, ♦ R 9 2, ♣ F M 6. Shemeji, Mashariki: ♠ F M 8 6 2, ♥ R 9 6 3, ♦ J 5, ♣ 7 2. Kaskazini ana 11, Kusini 16, shemeji 10. Sikuzipanga mimi, ndivyo barua ilivyokuja, na ni mgao wa kawaida kabisa kwa mnada wa namna ile.

Ukianza na shupaza 10: mezani jeki, shemeji malkia, mchezeshaji anaachia. Shemeji anatoa mfalme, na hapa unatakiwa kuweka 9, si 4, usije ukamzibia njia. Mchezeshaji anaachia tena. Mzunguko wa tatu anakula rea. Sasa ahesabu: shupaza moja, pau nne kama atabahatisha jeki yako ilipo, uru mbili au akizihangaikia tatu. Nane. Wa tisa hauko popote ila kwenye kopa, na akiigusa kopa tu shemeji anaruka na rea, anakula shupaza mbili zilizosimama. Mkataba chini. Mchezeshaji hata acheze vipi, kopa lazima aiguse.

Ulipotoa uru 3, jeki ya shemeji ilipanda, rea ikaila, na malkia yako ikabaki imekaa mbele ya mfalme na 10 za mezani. Mchezeshaji akitoa 9, ukifunika umeliwa, usipofunika umeliwa. Uru nne hizo, umemtengenezea kwa mkono wako. Baada ya hapo alikuwa na nafasi ya kuitoa rea ya kopa huku rea yake ya shupaza ikilinda mlango: shupaza moja, uru nne, pau tatu, kopa tatu. Ndizo 11 ulizoniandikia.

Je, ile kanuni ya nne kutoka juu itupwe? Hapana. Ni kanuni ya mwenye mkono wenye mlango. Ungekuwa na ♠ F J 8 6 3 na rea ya uru pembeni, mnada uleule, ningekuona wa ajabu usingetoa shupaza 6. Pointi ziko kwako, rangi ndefu iko kwako, na ikiiva unayo rea ya kuingilia. Na hapo kanuni hiyo ina ziada ambayo wanaoanza hawaitumii: mwenzako akitoa karata ya nne kutoka juu, ondoa namba yake kwenye 11, na jibu ni idadi ya karata kubwa kuliko hiyo zilizo katika mikono mitatu mingine. Ametoa 6: kumi na moja toa sita, tano. Mezani unaziona M 9 7, wewe una R 10. Tano zote zimeonekana. Mchezeshaji hana hata moja inayoishinda 6. Mezani wakiweka 7, wewe weka 10 na rea uitunze. Hesabu inakubali tu kama mwenzako ni mtu wa kufuata mapatano, ndiyo maana sipendi watu wanaotoa "ya nne, isipokuwa nikijisikia."

Mnada ukibadilika kidogo, jibu linabadilika. Tuseme wangesema 1BT, 2 pau, 2 uru, 3BT. Swali limeulizwa: anayeuliza ana angalau rangi kubwa moja ya karata nne, na aliyejibu 2 uru hana hata moja. Sasa mezani kutalala kopa nne au shupaza nne, na kuanza na rangi kubwa kwa kubahatisha kunapungua thamani. Kwa mkono wako uleule ningeanza kuitazama pau kwa jicho zuri zaidi. Na wangesema 1BT, 2 pau, 2 kopa, 3BT, aliyeuliza hakutaka kopa, basi alikuwa anatafuta shupaza: anazo nne, zitalala mezani, na ile shupaza 10 ningeiacha mkononi. Mkono haukubadilika hata karata moja. Kilichobadilika ni kile walichosema.

Kompyuta zimeyapima haya. Watu wamezigawisha maelfu kwa maelfu ya mikono kwa mnada wa 1BT–3BT na kuangalia karata ipi huangusha mikataba mingi zaidi, na rangi kubwa fupi zimetoka na sura nzuri kuliko tulivyofundishwa sisi wa zamani. Mimi nilikuwa nikilihisi hilo bila kulithibitisha, kwa hiyo nilifurahi. Nilichokiona kwa macho yangu mezani hapa Kampala ni kwamba wachezaji walioanzia kwenye matatu huchelewa kulikubali, kwa sababu matatu humzoesha mtu kumaliza karata zake mwenyewe. Hapa kuna mikono miwili ya upande wako, na wa pili huuoni.

Twende mgao wa pili, ambao kwangu una utajiri zaidi ya wa kwanza, maana kosa lilitokea kabla hata karata haijatoka.

♠ F M 10 9 5, ♥ 8 4, ♦ F 6 3, ♣ 7 4 2. Wa kulia kafungua 1 pau. Unasema ulipasi kwa kuwa pointi ni 8. Pointi 8 kwa ajili ya nini? Kama unafikiria kushinda mnada na kucheza 4 shupaza, kweli hazitoshi. Lakini dau la kuingilia katika ngazi ya kwanza lina kazi nyingine, na mara nyingi ndiyo kubwa: ni kumwambia mwenzako atoe nini watakapokuwa wamefika wanakokwenda. Wa kulia ana mkono wa kufungua. Shemeji hujamsikia. Kuna uwezekano mkubwa mkataba utakuwa wao, na uwezekano wa kutosha kwamba mchezeshaji atakuwa wa kushoto kwako, yaani wa kuanza ni shemeji. Ndicho kilichotokea. Ungesema 1 shupaza, shemeji asingekuwa na swali. Tena ile 1BT ya wa kushoto ingemgharimu: lazima awe na kizuizi cha shupaza ndipo aitamke, na kama hana, 3BT yao huenda isingefika kabisa. Gharama ya dau hilo kwako ni ndogo mno. Una rangi ya karata tano zilizoshikana, huwezi kuuawa kirahisi kwa dabo (tamko la mpinzani la kuongeza alama za mkataba na za kuanguka kwake) katika ngazi ya kwanza.

Kwa hiyo shemeji alipoanza na kopa alikuwa akifanya alichoweza. Ulimnyima habari, kisha ukamlaumu kwa kutoijua.

Sasa angalia upande wa pili, maana najua Jumamosi ijayo utaingilia kila mnada. Chukua ♠ J 8 6 4 2, ♥ R 5, ♦ F M 4, ♣ M 7 3. Pointi ni 12, nne zaidi ya ule mkono wako. Wa kulia kafungua 1 pau. Hapa wengi hutamka 1 shupaza bila kufikiri, na mimi napasi bila kuona haya. Wapinzani wakifika 3BT, shemeji ataanza na shupaza kwa utiifu, pengine kutoka F na nyingine moja tu, na mfalme wake atachinjwa kati ya rea na malkia. Umemwagiza akupeleke mahali ambapo hukutaka kwenda. Kipimo changu ni hiki: kabla ya kuingilia kwa rangi fulani, jiulize kama ungefurahi mwenzako atoe R kutoka R na moja ya rangi hiyo. Kwa F M 10 9 5 ungefurahi, tena sana. Kwa J 8 6 4 2 ungefumba macho. Pointi zinakuja baada ya swali hilo.

Kuna mtu atasema, "Lakini mwenye pointi 12 akipasi si tutapoteza gemu yetu, ule mkataba wenye zawadi kubwa?" Mara chache. Mwenzako naye ana zamu, akiwa na kitu atasema, na wewe utaingia baadaye ukiwa unajua zaidi. Hasara ya kupasi huonekana mara moja na watu huikumbuka. Hasara ya dau baya hujificha ndani ya karata ya kwanza mbaya, na mwenye kulaumiwa huwa ni aliyeitoa.

Uliuliza kanuni isiyomtupa mtu. Hakuna, ila kuna swali lisilochoka, nalo ni lilelile hata kukiwa na turufu: mnada huu unaniambia mchezeshaji atapata mizunguko yake wapi?

Wakisema 1 shupaza, 2 shupaza, 3 shupaza, 4 shupaza, wamejikokota. Mmoja aliuliza, mwingine akajibu kwa shingo upande. Hawana ziada. Hapo usiwasaidie: usianze kutoka F na moja, wala kutoka M na ndogo mbili. Toa kitu kikavu, 9 8 7 ikiwepo, na uwaache wahangaike wenyewe. Kinyume chake, kama mmoja ametangaza uru ndefu na nzuri kisha wakatua 4 shupaza, muda ni adui yako. Uru zile zitasafisha hasara zake zote za pau na kopa mara atakapozifikia, kwa hiyo shambulia rangi ambayo haikutajwa, hata kutoka mfalme, kabla haijachelewa.

Wa kulia akifungua 1 shupaza, mwenzake akajibu 1BT, wa kulia akasema 2 kopa na wote wakapasi, na wewe umeshika ♠ F J 10 8, toa turufu. Yaani kopa. Mezani shupaza ni chache, ndiyo sababu aliikimbia. Mpango wa mchezeshaji ni kuzikata shupaza zake kwa kopa za mezani, na kila turufu unayoitoa inamwondolea mkato mmoja. Wanaoanza huona kutoa turufu ya wapinzani ni kuwafanyia kazi. Katika mnada huu ni kuwanyang'anya.

Karata ya pekee katika rangi ni nzuri ukiwa na R na ndogo mbili za turufu na mkono uliobaki ni dhaifu: utashika turufu mapema, mwenzako ana pointi za kuingilia, atakupa ukate. Ukiwa na M J 10 na nyingine za turufu usiifuate. Hizo zitakula mizunguko zenyewe, huna haja ya kuzitumia kukata. Na dhidi ya mkataba wenye turufu usitoe ndogo kutoka chini ya rea. Nimeona watu werevu wakifanya hivyo na mfalme wa pekee wa mchezeshaji akila.

Hesabu ya alama nayo ina sauti yake. Harold Vanderbilt alipoitengeneza bridge ya leo mwaka 1925, akiwa melini kupitia Mfereji wa Panama, alichukua wazo la Kifaransa kwamba mizunguko usiyoitaja mnadani haikupeleki kwenye gemu, akaongeza hali ya kuwa hatarini, ambamo zawadi na adhabu hupanda, na zawadi kubwa kwa wanaothubutu. Matokeo yake ni kwamba katika mechi za timu, walio hatarini wanafaa kutaja gemu hata ikiwa na nafasi ndogo. Ukitaja 4 kopa na ukafika unapata 620, wapinzani walioshika karata zizo hizo meza nyingine, wakakomea chini, wanapata 170: tofauti 450, ambayo kwa kipimo cha timu ni 10. Ukianguka unatoa 100 nao wanapata 140: tofauti 240, yaani 6. Unahatarisha 6 upate 10, kwa hiyo nafasi ya asilimia 37.5 tu inatosha. Maana yake kwa wewe unayeanza: gemu zao nyingi walio hatarini ni za kukonda, zinaangushika, kwa hiyo shambulia na usihofu kutoa mzunguko mmoja wa ziada. Katika mashindano ya wawili-wawili, ambako mzunguko mmoja wa ziada unaweza kukutoa juu hadi chini ya orodha, mimi huwa mpole zaidi. Hata huko, dhidi ya 3BT ile ningetoa shupaza 10.

Limebaki suala la dabo. Mwenzako asiyekuwa wa kuanza akiipiga dabo mikataba ya juu, si hasira. Dabo ya slemu (mkataba wa mizunguko 12 au 13) iliyotajwa kwa hiari ina jina la Theodore Lightner, na inakuomba utoe kitu kisicho cha kawaida, kwa kawaida kwa sababu ana rangi asiyokuwa nayo kabisa na anataka kukata. Tazama ni rangi gani umejaliwa nyingi, mara nyingi ndiyo hiyo asiyonayo. Dabo ya 3BT wakati ninyi wawili mmekaa kimya mnada mzima, mapatano ya zamani ni kwamba inaomba rangi ya kwanza iliyotajwa na upande wa mezani. Wapo wenye mapatano mengine, si vibaya, mradi wote wawili muwe na moja.

Kuhusu kuulizwa mbele ya watu: mwambie shemeji maswali ya namna hiyo huulizwa baada ya mchezo, mkiwa mnateremka ngazi. Lakini kuna swali ambalo ni halali mezani, na nadhani kwenu hamlitumii. Karata ya kwanza hulazwa kifudifudi. Si mapambo. Ni ili mwenzako apate nafasi ya kuuliza maana ya madau ya wapinzani kabla karata haijaonekana, na ili aliyetoa isivyo zamu yake aweze kurudishwa bila adhabu. Wewe mwenye zamu unauliza kabla ya kuilaza: "1BT yenu ni ngapi hadi ngapi? Na huyu angekuwa na kopa nne angeuliza?" Wanatakiwa kukujibu kweli. Usiulize kwa sauti ya kumwonyesha shemeji unachotaka, na usikae dakika nzima ukikunja uso kisha ukapasi, maana naye haruhusiwi kuutumia uso wako. Ndiyo faida ya kutumia kadi za madau badala ya mdomo. Kama hamna sanduku lake, andikeni madau kwenye karatasi.

Kabla ya Jumamosi kaeni wawili, chai ikiwepo, mpatane mambo matatu: dau la kuingilia ngazi ya kwanza linaahidi rangi ya ubora gani, 10 kutoka 10 9 na nyinginezo inamaanisha nini, na dabo ya 3BT inaomba rangi ipi. Hilo la tatu likiwashinda, msiipige dabo hiyo mpaka mpatane. Mkikosa mtu wa nne, Bridge Base Online inagawa mikono ya mazoezi na roboti wa kucheza nao, na bando la kawaida linatosha. Mgao mwingine ukikukwaza nitumie, lakini safari ijayo anza na mnada, mikono minne ifuate chini yake.